Shahidi wa Kukodiwa: Gharama ya Mpiga Picha wa Harusi katika Mizani ya Dini na Falsafa

Miongoni mwa matumizi yanayoikabili familia inayoandaa harusi, malipo ya mpiga picha wa kitaalamu yana tabia ya pekee, kwa kuwa hayapimiki kwa kulinganisha bei peke yake. Chakula, ukumbi, mavazi na usafiri hutumika siku ileile, na ubora au ubovu wake hujulikana kabla wageni hawajaondoka. Picha hulipiwa leo ili ije ihitajiwe baada ya miaka ishirini au thelathini, na baadhi ya watakaoihitaji zaidi huwa hawajazaliwa siku fedha zinapotolewa. Isitoshe, albamu ya harusi haina soko la pili, kwa maana kitu ambacho wenyewe hawangekubali kukitoa nyumbani kwa bei yoyote, mtu wa nje hana haja nacho hata akipewa bure. Ndiyo maana swali linaloletwa kwenye kikao cha kamati kama jambo la bajeti huwa, likichimbuliwa, ni swali la maadili: mtu hutumia mali kwa ajili ya nani, kiasi gani cha mali hiyo kinastahiki kwenda kwenye kumbukumbu, na mpiga picha anayelipwa anafanya nini hasa mahali ambapo watu wawili wanawekeana ahadi.

Jibu la haraka, ambalo husikika zaidi kwa wazee wenye msimamo mkali, ni kwamba gharama hiyo ni ufujaji mtupu. Tuhuma hiyo ni nzito na inahitaji kupimwa kabla haijakubaliwa. Wanazuoni wa Kiislamu hutofautisha israfu, ambayo ni kupitiliza kiasi katika jambo ambalo asili yake ni halali, na tabdhiri, ambayo ni kutoa mali mahali ambapo haikustahili kutolewa kabisa, hata kama ni kidogo. Sura ya Al-Isra inawafanya wenye kutapanya mali kuwa ndugu wa mashetani, lakini sura ya Al-Furqan inawasifu watu ambao utoaji wao uko katikati, mbali na upitilizaji na mbali na ubanaji. Kwa hiyo ubahili nao ni kosa, na anayekataa kila gharama ya furaha kwa jina la dini hajawa mwadilifu kwa kule kukataa tu. Mtume Muhammad mwenyewe alimwagiza Abdurrahman bin Auf, alipooa, afanye walima, yaani karamu ya ndoa, japo kwa kuchinja kondoo mmoja, na agizo hilo linathibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba ndoa inastahiki kutangazwa kwa matumizi fulani ya mali, na kwamba matumizi hayo yanaweza kuwa madogo sana bila ndoa kupungukiwa na kitu.

Kipimo kinachofaa zaidi katika jambo hili ni mpangilio wa maslahi ulioendelezwa na wanazuoni wa misingi ya sheria, akiwamo Imam al-Ghazali (1058–1111) na baada yake Imam al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388. Kwa mpangilio huo mahitaji ya binadamu yako katika daraja tatu: dharura, ambazo zikikosekana dini au maisha huharibika, haja, ambazo zikikosekana watu hupata uzito na tabu, na tahsini, yaani mambo ya kupendezesha, ambayo kukosekana kwake hakuleti madhara, lakini kuwapo kwake huyapa maisha sura ya uungwana. Mpiga picha wa harusi yuko katika daraja ya tatu, wala katika hali ya kawaida hakuna hoja ya kumpandisha. Nikaha husihi kwa ijabu na kabuli, ambayo ni matamko ya kuoza na kukubali, pamoja na walii na mashahidi wawili, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inataka mashahidi wasiopungua wawili bila kutaja kamera popote. Hata hivyo, kuwa katika daraja ya tatu si kuwa haramu. Al-Shatibi anafundisha kwamba jambo la kupendezesha hubaki jema maadamu halibomoi lile la msingi linalolibeba, na kanuni hiyo ina makali kuliko inavyoonekana. Bwana harusi aliyeahidi mahari akaiacha iwe deni lisilo na tarehe, kisha akamlipa mpiga picha fedha taslimu wiki mbili kabla ya siku, amepindua mpangilio mzima, kwa kuwa haki ya mke imewekwa foleni ili pambo litangulie. Na familia inayokopa kwa riba ili ipate video ya harusi haihitaji kuulizwa kama video hiyo itapendeza.

Lipo pia swali la awali zaidi, kama picha yenyewe inaruhusiwa. Hadithi zinazowakemea watengenezaji wa sura zinajulikana, na wanazuoni waliohitilafiana kuhusu kamera hawakuhitilafiana juu ya usahihi wake. Walihitilafiana kama kamera inaingia ndani yake. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kutetea picha za kamera kwa hoja kwamba mpiga picha haumbi sura yoyote, ila hukizuia kivuli ambacho tayari kipo. Sheikh Abdulaziz bin Baz, Mufti Mkuu wa Saudi Arabia aliyefariki mwaka 1999, aliziona picha za viumbe wenye roho kuwa haramu isipokuwa pale ambapo haja inalazimisha. Msomaji atafuata rai ya mwanazuoni anayemwamini. Lakini hoja ya al-Muti'i ina tokeo ambalo watetezi wa picha hawalitaji mara nyingi: ikiwa uhalali wa kamera unatokana na kukizuia kilichopo bila kubuni, basi kadiri mpiga picha anavyobuni zaidi, kwa kuyapanga matukio, kuyarudia na kuwapa watu nyuso ambazo hawakuwa nazo, ndivyo anavyojitoa mwenyewe katika hifadhi ya fatwa hiyo.

Katika miji ya Waswahili, hata hivyo, mzozo haukuhusu sana kamera; ulihusu macho yatakayoiona picha. Siku ya kupamba, ambapo bibi harusi hukalishwa jukwaani mbele ya wanawake waliovua mabuibui yao, sitara hulegezwa kwa sababu moja tu, kwamba hakuna mwanamume ukumbini. Kamera ikiingia, kila mwanamume atakayeiona picha hiyo hata baada ya miaka kumi huwa ameingizwa ukumbini kwa kuchelewa. Mwanaanthropolojia wa Ujerumani Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki, ameueleza kwa kirefu mvutano huu kati ya kutaka kuonekana na kutaka kusitirika. Kwa harusi za namna hii, mpiga picha wa kike mwenye kuaminika hawezi kuitwa anasa juu ya anasa, kwa kuwa kinacholipiwa ni amana kuliko ustadi: faili zinabaki kwa nani, nani ataruhusiwa kuzitazama wakati wa kuzihariri, na kama sura ya bibi harusi itatumika kutangazia biashara. Yule mpwa mwenye simu janja, ambaye hupendekezwa kwenye kila kikao kama njia ya kuokoa fedha, ni hatari kubwa zaidi kwa upande huu, kwa sababu picha zake hufika mitandaoni kabla pilau haijapakuliwa.

Wanafalsafa wa Kiyunani waliliendea suala la matumizi makubwa kwa njia nyingine. Aristotle, katika kitabu cha nne cha Maadili kwa Nikomakhos, anatofautisha ukarimu wa kawaida na fadhila maalumu ya kutumia mali nyingi kwa namna inayofaa, na anapotafuta mifano ya matumizi ya binafsi yanayostahiki fadhila hiyo, anataja mambo yanayotokea mara moja, harusi ikiwa mfano wake wa kwanza. Kwa maoni yake, mwenye fadhila hii haanzi kwa kuuliza jambo litafanyikaje kwa bei ya chini kabisa. Huanza kwa kuuliza litafanyikaje kwa uzuri unaolingana na tukio lenyewe. Upande mmoja wa fadhila hiyo kuna uovu wa mtu mwenye roho ndogo, ambaye hutumia fedha nyingi kisha akaliharibu jambo zima kwa kukihofia kitu kidogo cha mwisho, na upande wa pili kuna ufahari wa kijinga wa yule anayewaandalia wenzake karamu ya kawaida kana kwamba ni harusi, ili tu utajiri wake uonekane. Aristotle anaongeza jambo ambalo wasomaji wenye uwezo hulipita haraka, kwamba maskini hawezi kuwa na fadhila hii na akijaribu huwa mpumbavu, kwa kuwa matumizi yanayofaa hupimwa kwa tukio na kwa mtumiaji pia.

Maovu hayo mawili yanaonekana wazi katika harusi za mijini za leo. Kamati iliyolipia ukumbi, mapambo, keki na mshereheshaji hufika kwenye picha mwishoni mwa orodha ikiwa imechoka na fedha zimekwisha, ikampa kazi yeyote mwenye kamera, na kwa njia hiyo ikakifanyia ubahili kitu pekee katika orodha nzima kitakachobaki wiki moja baadaye. Kamati nyingine, yenye uwezo au yenye kutaka ionekane inao, hukodi wapiga picha watatu, taa kama za kupigia filamu na droni inayozunguka juu ya paa la ukumbi ambao sherehe yake yote inafanyika ndani. Kati ya kamati hizo mbili, ya kwanza inastahili huruma, na ya pili haina utetezi.

Wakristo wanacho kisa kinacholigusa suala hili kwa ukaribu usiotazamiwa. Injili ya Marko, katika sura ya 14, inasimulia habari za mwanamke aliyevunja chupa ya marhamu ya nardo na kuimimina juu ya kichwa cha Yesu huko Bethania, na baadhi ya waliokuwapo wakanung'unika kwamba marhamu hiyo ingeuzwa kwa zaidi ya dinari 300 na maskini wakasaidiwa. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo wanung'unikaji walikuwa wakizungumzia mapato ya karibu mwaka mzima, na hesabu yao haikuwa ya kipuuzi. Yesu hakuikanusha hesabu hiyo. Aliieleza gharama kwa kukumbusha kwamba maskini wangekuwapo daima lakini yeye alikuwa akiondoka, na akaahidi kwamba tendo hilo lingesimuliwa kwa kumkumbuka aliyelitenda. Kisa hiki hutumiwa mara nyingi kuhalalisha gharama yoyote ya sherehe, na hapo hutumiwa vibaya, kwa kuwa kinachoitetea marhamu ni kuondoka kwa mtu, na fahari ya karamu haimo katika hoja. Katika harusi, wanaoondoka si maharusi. Ni nyanya aliyeletwa kutoka kijijini na huenda asiione harusi nyingine, ni baba anayesimama kwa shida kwa sababu ya maradhi, ni ami wa mwisho anayezijua nasaba za pande zote mbili. Kwa kipimo hicho, picha yenye haki kubwa zaidi ya kulipiwa ni ya bibi aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, na si ya maharusi wakitembea ufukweni, kwa maana ufuo utakuwapo mwaka kesho na maharusi nao, Mungu akipenda, watakuwapo.

Jambo la pili katika kisa hicho halitajwi sana mimbarani: marhamu iliyomiminwa ilikuwa ya mwanamke mwenyewe. Harusi nyingi za Tanzania, hasa za mijini, hugharamiwa kwa michango inayokusanywa na kamati, ambapo ndugu, majirani na wafanyakazi wenza hupokea kadi, huweka ahadi, hukumbushwa kwa simu na hatimaye hulipa, kila mmoja akijua kwamba siku yake ikifika naye atachangiwa. Fedha hizo ni amana, kwa maana zimetolewa kwa lengo linaloeleweka na wote hata kama halikuandikwa. Sehemu kubwa yake huwarudia watoaji siku ya sherehe kama chakula, vinywaji na muziki. Picha peke yake hubaki kwa maharusi, na wachangiaji wengi hawaioni albamu maisha yao yote. Inawezekana kusema kwamba mchango ni zawadi na zawadi ikishatolewa mwenyewe huitumia atakavyo, lakini hoja hiyo inakwama kwenye ukweli kwamba kadi ya mchango huambatana na deni la kulipana, na zawadi inayodaiwa kwa ujumbe wa simu mara nne si zawadi ya kawaida. Iliyo safi zaidi ni njia ya maharusi kumlipa mpiga picha kwa fedha zao wenyewe na kumwondoa kabisa kwenye bajeti ya kamati. Kamati nyingi hazitalipenda pendekezo hili, na baadhi ya maharusi hawatalipenda zaidi, lakini lina faida ya kuwalazimisha wanaozitaka picha wapime wenyewe wanazitaka kwa kiasi gani.

Hadi hapa mpiga picha amechukuliwa kama mtu anayesimama kando akiangalia, ilhali uzoefu wa harusi nyingi unaonyesha kinyume. J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford ambaye mihadhara yake ya mwaka 1955 huko Harvard ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alikitumia kiapo cha ndoa kama mfano wa matamshi ambayo hayaelezi jambo, kwa kuwa yenyewe ndiyo yanayolitenda: anayetamka kukubali mbele ya mfungishaji ndoa hatoi habari kuhusu ndoa, yuko katika kuoa. Austin aliona pia kwamba maneno hayohayo yakitamkwa na mwigizaji jukwaani huwa matupu. Mpiga picha anapowaomba maharusi wavishane pete mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza mgongo wa padri ulimziba, anawatoa kwenye tendo na kuwaingiza kwenye igizo la tendo, na picha inayokuja kuwekwa kwenye albamu kama kumbukumbu ya kiapo huwa ni kumbukumbu ya igizo. Sheria ya Kiislamu inaufikia mpaka huo kutoka upande wa pili, kwa kuwa hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi inalihesabu tamko la nikaha, pamoja na talaka na rejea, miongoni mwa mambo ambayo hata yakisemwa kwa mzaha huwa ya kweli. Austin anasema igizo halifungi, fikihi inasema katika jambo hili mzaha nao hufunga, lakini vyote viwili vinakubaliana kwamba maneno ya ndoa si mahali pa kufanyia mazoezi mbele ya kamera. Sheikh anayekataa kurudia ijabu na kabuli kwa sababu betri ya kamera ilikwisha, au padri anayempangia mpiga picha pa kusimama, huchukuliwa na vijana kama mtu wa zamani, ingawa yeye ndiye pekee mahali pale anayekumbuka watu wamekusanyika kufanya nini.

Na hapa ndipo gharama ya mtaalamu wa kweli inapopata utetezi wake bora. Shahidi mzuri husimama pale ambapo tukio limemwachia nafasi, na uwezo wa kufanya hivyo haupatikani kwa kununua kamera. Mpiga picha mwenye uzoefu anajua ni mkono upi utanyooshwa, padri atageukia wapi, kadhi atashika mkono wa nani na kwa muda gani. Ana lenzi zinazopokea mwanga mwingi ili asiwashe taa kali ndani ya kanisa lenye giza. Ana kamera ya pili ikiwa ya kwanza itagoma, na huzihifadhi picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja ili kadi moja ikiharibika siku isipotee. Asiyejua hayo hufidia upungufu wake kwa kuamrisha. Husimamisha, hurudisha nyuma, husogeza wazee, huchelewesha chakula, na mwisho wa siku maharusi hugundua kwamba muda mrefu zaidi waliutumia wakimtazama yeye kuliko wakitazamana wao kwa wao. Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya fundi na mwanagenzi, pale inapokuwa ya haki, ni bei ya kutoingiliwa.

Kuna hoja kwamba wageni wenyewe wanatosha, kwa kuwa kila mmoja amekuja na kamera mfukoni. Utafiti wa mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, unaitia hoja hiyo dosari: watu waliotembezwa ndani ya jumba la makumbusho walivikumbuka kwa uchache vitu walivyovipiga picha nzima kuliko vile walivyovitazama tu. Plato alikuwa na wasiwasi wa aina hiyo kuhusu maandishi karne nyingi kabla, katika mazungumzo yake yaitwayo Faidro, akihofia kwamba wenye kuitegemea alama ya nje wataacha kuizoeza kumbukumbu ya ndani. Ikiwa ndivyo, mtu mmoja anayelipwa ili wengine mia mbili waweke simu chini na kuishuhudia ndoa kwa macho yao si gharama mbaya. Tatizo ni kwamba mara nyingi fedha hulipwa na simu haziwekwi chini, na hapo hoja inabaki bila mteja.

Inafaa kukumbuka pia kwamba kwa vizazi vingi picha moja ilitosha. Kabla wapiga picha hawajaanza kuifuata harusi mahali ilipo, maharusi ndio waliokwenda kwao, wakiwa wamevaa nguo zao za siku hiyo, katika studio kama Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, au ya N. V. Parekh huko Mombasa. Yaliyobaki ya harusi yalitunzwa na watu: somo aliyemfunda bibi harusi, waimbaji, majirani waliokesha wakipika. Kalamu nayo ilifanya sehemu yake, kwa kuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari alizieleza taratibu za harusi katika Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy aliandika Ada za Harusi katika Unguja mwaka 1956. Vitabu hivyo vimehifadhi ada, lakini havikuweza kuhifadhi uso wa mtu yeyote aliyezitekeleza. Kumbukumbu ya mtaa ilifanya kazi maadamu mtaa ulibaki pamoja. Familia ya Unguja yenye watoto Muscat, wajukuu London na shangazi Toronto haina tena ua mmoja ambamo harusi itasimuliwa, na kwake picha zina kazi ya kuunga udugu, wajibu ambao dini inauweka juu kabisa. Kwa familia ya namna hiyo, mpiga picha hupanda kutoka tahsini na kuikaribia haja.

Dhana ambayo haina utetezi wowote ni ile kwamba picha bora huiimarisha ndoa. Søren Kierkegaard, katika sehemu ya pili ya kitabu chake cha mwaka 1843 kuhusu maisha ya kufuata uzuri na maisha ya kufuata maadili, anamfanya hakimu aliyeoa aeleze kwamba mapenzi ya mwanzo huweza kuchorwa kwa sababu hukamilika katika nukta moja ya wakati, ilhali mapenzi ya ndoa hayachoreki, kwa kuwa uzuri wake uko katika kurudiwa kila siku kwa miaka mingi. Kamera inaipata harusi. Ndoa haipatikani kwenye lenzi. Wanauchumi Andrew Francis-Tan na Hugo Mialon wa Chuo Kikuu cha Emory waliwachunguza zaidi ya watu 3,000 waliowahi kuoa au kuolewa nchini Marekani, na wakaona kwamba gharama kubwa za harusi ziliandamana na ndoa za muda mfupi zaidi. Utafiti huo hauthibitishi kwamba gharama ndizo zilizozivunja ndoa, na Marekani si Morogoro, lakini unatosha kumnyamazisha muuzaji anayedai kinyume chake.

Linabaki suala la uimara wa kitu kinachonunuliwa, ambalo wateja wengi hulisahau. Kanda za video za miaka ya 1980 na 1990 ziko makabatini katika nyumba nyingi za pwani, utepe wake ukiendelea kuharibika na mashine za kuzichezea zikiwa hazipatikani tena, wakati picha za karatasi zilizopigwa kabla yake bado zinatazamwa sebuleni. Faili elfu mbili kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia zina hatari ileile, tena karibu zaidi. Anayemlipa mpiga picha na kuacha kuchapisha amenunua nusu ya kitu, na ile nusu iliyo dhaifu.

Kwa hiyo wenye mali yao wenyewe, mahari ikiwa imelipwa na hakuna deni lililofunguliwa, wana haki kamili ya kumwajiri mpiga picha mzuri na wamwajiri bila kuona haya, kwa saa chache za kiapo na za mkusanyiko wa jamaa badala ya siku tatu za mizunguko, na fedha zitakazobaki ziende kwenye albamu ya karatasi. Wasio nazo waache, kwa kuwa nikaha yao na mashahidi wake wawili haina upungufu. Makubaliano yaandikwe mapema, yataje faili zitabaki kwa nani na nani amekatazwa kuzionyesha, na mpiga picha aambiwe waziwazi kwamba hatarudisha tendo lolote nyuma na kwamba ataanza na wazee kabla hawajachoka na kuomba kurudishwa nyumbani.